Tupeane uzoefu: unayafikiaje mafaili ya nyumbani ukiwa safarini bila kuwafungulia wezi mlango?

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mpiga picha wa harusi, kwangu ni Tabata, Dar es Salaam. Picha zangu za miaka yote zimo kwenye diski mbili zilizochomekwa kwenye kompyuta ya zamani chini ya meza ya sebuleni. Kazi inanipeleka Dodoma, Morogoro, mara Mtwara, na mteja akitaka picha zake hakuulizi uko mkoa gani.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka 2021, kabla ya safari ya Dodoma, niliingia kwenye ruta nikafungua poti (mlango wa mtandao) 3389, ile inayotumika kuendesha kompyuta ya Windows ukiwa mbali, nikaielekeza moja kwa moja kwenye ile mashine ya sebuleni. Paswedi ilikuwa jina la mwanangu na mwaka aliozaliwa. Nikajiambia anwani ya IP ya nyumbani naijua mimi tu, nani atafika huko?

Siku ya tatu nikaingia. Kila folda ina faili la maandishi linalonidai bitcoin, majina ya picha yameongezewa herufi nisizozijua, hakuna hata moja inayofunguka. Sikulipa. Harusi kumi na nne. Saba nilizikusanya upya kutoka kwenye flashi za wateja na kadi za kamera ambazo sikuwa nimezifuta. Saba hazijarudi mpaka leo. Bibi harusi mmoja, baba yake alifariki miezi miwili baada ya sherehe, na picha za mzee akicheza naye zilikuwa humo. Nilikwenda kwao nikawaambia ana kwa ana. Ndiyo sababu nafungua uzi huu.

Kuhusu ile "IP naijua mimi tu": anwani zote za IPv4 duniani ni kama bilioni 4.3, na tangu mwaka 2013 ziko programu za wazi ambazo kompyuta moja yenye intaneti nzuri inaweza kuzigongea zote poti moja ndani ya saa moja. Hawakutafuti wewe. Wanapita mlango kwa mlango mtaa mzima, na wewe umeuacha wazi.

Sasa hivi ruta yangu ina poti moja tu iliyofunguliwa, UDP 51820, inayokwenda kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, yenye WireGuard, programu ya VPN, yaani handaki la siri kati ya vifaa vyangu na nyumbani. Kila kifaa kina jozi yake ya funguo. Kinachonipa usingizi ni kwamba WireGuard haimjibu asiye na ufunguo, hata kumwambia "hapana". Anayepita kugonga anaona ukuta. Mafaili ninayatoa kwa Samba, programu ya kugawa mafaili kwenye mtandao, na Samba inasikiliza ndani ya handaki hilo tu. Poti 445, inayotumiwa na Samba, haiguswi na mtu wa nje, na aliyeona WannaCry ya Mei 2017, virusi vilivyoingilia poti hiyo vikafunga mafaili na kudai pesa, anajua kwa nini.

Kasi ni habari nyingine. Tunapigiwa tangazo la kasi ya kushusha, lakini ukiwa mbali unategemea kasi ya kupandisha ya nyumbani. Mimi napata Mbps 10, kwa hiyo GB 1 ni zaidi ya dakika 13. Harusi nzima ya RAW, yaani picha ghafi za kamera, sijaribu. Navuta zile ndogo, mteja anachagua, nyingine nampa nikirudi.

Nyie mnafanyaje? Semeni na yaliyowakuta.

—

Mdau wa Mwanza:

Pole sana mkuu, hasa kwa hiyo familia.

Mimi situmii fiba, natumia ruta ya laini ya simu. Nilifungua poti wiki nzima bila mafanikio, nikadhani sijui kusoma maelekezo. Kumbe tatizo liko kwenye mtandao wenyewe: laini nyingi za simu zinawachanganya wateja wengi kwenye anwani moja ya nje. Ingia kwenye ruta, tazama anwani ya WAN, yaani ya upande wa nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hapo hata ufungue poti zote, ombi la kutoka nje halikufikii.

Nikaweka Tailscale. Ndani yake ni WireGuard ileile, lakini kifaa cha nyumbani ndicho kinachoanza kupiga kwenda nje kumtafuta mwenzake, kwa hiyo sifungui chochote kwenye ruta. Angalizo mawili. Akaunti unayoingilia ndiyo ufunguo wa nyumba, iwekee uthibitisho wa hatua mbili leo hii. Pili, funguo za vifaa zinaisha muda baada ya siku 180 usipobadilisha mpangilio. Mimi sikulisoma hilo. Nilikuwa Bukoba kwenye msiba, nahitaji vyeti vya marehemu vilivyo kwenye kompyuta, na kifaa cha nyumbani kimeshatolewa kwenye Tailscale. Ilibidi kijana wa jirani aingie ndani niongee naye kwenye simu hatua kwa hatua. Kwa kifaa kinachobaki nyumbani, zima hilo la kuisha muda.

—

Mdau wa Mombasa:

Wadau, kwangu mafaili nayavuta kwa SSH na SFTP tu, njia za kuingia na kuhamisha mafaili kwa siri, ya paswedi nimeifunga kabisa, naingia kwa ufunguo. Miaka minne sasa, sina lalamiko.

Kilichonisumbua ni vitu viwili ambavyo watu huwa hawavitaji. Cha kwanza stima. Ikipotea na kurudi, kompyuta hubaki imezima hadi mtu abonyeze. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta, uiambie iwake yenyewe umeme unaporudi. Cha pili, nilipoanza kutumia VPN, niliunganisha nikiwa kwenye gesti Nakuru, handaki limesimama vizuri, faili hata moja halionekani. Nyumbani anwani za ndani zilianza na 192.168.1, na gesti nao 192.168.1. Simu ikawa inaitafuta kompyuta yangu mle mle gestini. Nikarudi nyumbani nikabadilisha ikawa 10.87.40, na tangu hapo sijagongana na hoteli yoyote.

—

Mdau wa Dubai:

Assalaam aleikum. Mimi mama wa Tanga, nafanya kazi huku. Nyumbani kuna kompyuta yenye hati ya kiwanja, vyeti vya watoto, risiti za ujenzi, vyote nimeviskani.

VPN huku natembea nayo kwa uangalifu. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021 inamwadhibu anayeficha IP yake ili atende kosa au lisigundulike, na faini inaanzia dirham 500,000. Kusoma hati yangu si kosa, lakini nilitafuta njia isiyonitia wasiwasi. Natumia Syncthing: folda ileile ipo nyumbani na kwenye laptopu yangu, zinalingana zenyewe, na njiani kila kitu kimefungwa kwa siri.

Ila jamani, mpwa wangu alifuta folda ya risiti Tanga "kupunguza mzigo", na kwangu ikafutika palepale. Iliyoniokoa ni kwamba nilikuwa nimewasha utunzaji wa matoleo ya zamani. Usipouwasha, mkono mmoja unafuta pande zote mbili.

—

Mwenye uzi:

Dada, hilo la kufutika nimeliandika. Kwangu diski ya tatu iko kwa dada yangu Kigamboni, naipeleka picha mpya kila mwezi na haiunganishwi na mtandao wowote.

Na kwa wa Tanzania, kumbukeni tangazo la TCRA, mamlaka ya mawasiliano, la Oktoba 2023, lililotaka wanaotumia VPN wajisajili kabla ya tarehe 30 mwezi huo. Msilipuuze, hasa mkiwa mnafanya biashara.

—

Mdau wa Morogoro:

Mkuu, hiyo Pi inawaka saa zote? Mama yangu kila usiku anachomoa kila kitu ukutani, anasema luku inaisha.

—

Mwenye uzi:

Inawaka saa zote, na chaja yake nzima ni wati 15. Kompyuta kubwa inalala, Pi ndiyo inaiamsha nikihitaji.

Mama yangu naye alikuwa anachomoa. Siku moja yuko sokoni Ilala nikamwambia afungue simu, nikamwonyesha picha ya harusi yake ya mwaka 1983 niliyoiskani, inatoka chini ya ile meza. Akaita wenzake wa kibanda cha jirani waje kuona. Hajachomoa tena.