Watoto na ile nyota ya magharibi (kikundi cha familia)

Mama Salma: Asalaam aleikum wapendwa. Jmn kina Salma wako uani hapa wameona ile nyota kubwaa juu ya minazi kule jua lilikozama, wananiuliza ni nini, nimewaambia nyota tu hawajaridhika

Hamisi: Wa aleikum salaam. Hiyo Zuhura hiyo. Kuna miezi inatoka alfajiri kabla ya jua, kuna miezi jioni

Rukia: Wifi hiyo ni sayari, haina mwanga wake, inang'aa hivyo sababu imefunikwa mawingu mazito yanayorudisha karibu robo tatu ya mwanga wa jua. Waambie waikazie macho, nyota zinametameta yenyewe imetulia. Mi darasani sianzi na kitabu kabisa, mtoto akishainyooshea kidole mwenyewe ndo maelezo yanaingia

Mama Salma: Twaha anauliza kuna watu

Rukia: Hakuna, joto lake nyuzi 465! Hewa karibu yote ni kabonidayoksaidi, joto likiingia halitoki, kama gari limefungwa vioo juani. Wasovieti walitua huko 1982 na chombo kinaitwa Venera 13, kikapiga picha za rangi, kikadumu dakika 127 basi kikafa

Bi Mkubwa: Subhanallah

Rukia: Sasa wachezeshe hivi, weka taa katikati hiyo ndo jua, Twaha awe Dunia, Salma awe Zuhura, wote waizunguke taa lakini Salma ajigeuze kinyume na kaka yake tena pole pole sanaa, akimaliza kuizunguka taa awe bado hajamaliza kujigeuza hata mara moja. Maana Zuhura inazunguka jua kwa siku 225 ila kujizungusha yenyewe inachukua 243

Hamisi: Kwa hiyo Salma na miaka yake 5 kule angekua ana 8

Mama Salma: Weee nimemwambia anaruka ruka hapa 😄 ila wifi nimewaambia kule jua linachomoza magharibi, Twaha kanyamaza kisha kasema mama hiyo si kiyama? Ustadhi kawafundisha

Rukia: Usimkaripie, kaunganisha mambo mwenyewe huyo. Mwambie aliyofundishwa chuoni ni habari ya Dunia yetu, Zuhura inajizungusha kinyume na sisi, kuchomoza magharibi ndo kawaida yake siku zote

Bi Mkubwa: Umemjibu vizuri mwanangu

Hamisi: Nina darubini ya mkono, kesho nakuja nayo. Kuna vipindi inaonekana kama hilali

Rukia: Kaka jua lizame kabisa kwanza ndo uwape, macho ya watoto hayo

Mama Salma: Sawa. Salma nae anauliza Zuhura ina mwezi

Rukia: Haina hata mmoja

Mama Salma: Kasema sasa Idi yao wanaijuaje 😂😂

Rukia: Mashallah! Mpe karatasi achore, nikija ijumaa nataka kuona