Wakuu, "homeless" kwa binti yangu ni nyumba ndogo. Nisaidieni

Mama wa Wawili: Habari za jioni wakuu. Binti yangu yuko kidato cha kwanza, shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili. Jana nafungua daftari lake nakuta "homeless" kaandika "nyumba ndogo". Namuuliza, ananijibu kwamba "less" ni kidogo. Baba yake kacheka hadi kapaliwa, mimi sikucheka. Kamusi anayo, ila anakariri neno moja moja na kesho yake limeshayeyuka. Hii mikia ya maneno inafundishwaje?

Zee la Chaki: Dada, usimgombeze. "Less" ya mkiani na "less" ya kupunguza zimefanana tu, asili zake ni mbili. Ya mkiani ilikuwa "leas" katika Kiingereza cha kale, yaani bila. Homeless ni asiye na makao.

Mimi darasani naanzia nyumbani. Sisi tunatanguliza u: utoto, ufalme, urafiki. Wenzetu wanabandika nyuma: childhood, kingdom, friendship. Hiyo "hood" haihusiani na kofia ya sweta. Zamani ilikuwa "had", hali au cheo. "Dom" ilikuwa hukumu, ndugu yake "doom". Achore safu mbili, u yetu huku, mkia wao kule.

Kijana wa Kivukoni: Baba mtu kacheka nini hasa? 😂

Nesi wa Zamu: Kijana, tulia. Mie chuoni mikia ndiyo iliyonivusha. "-itis" ni ya Kigiriki. Nikiiona najua kiungo kimevimba: tonsillitis ni tezi za kooni, hepatitis ni ini. "-ectomy" ni kukata na kuondoa kabisa.

Zee la Chaki: Naongeza "-able". Hiyo ni ya Kilatini, ikaingia kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066. Hapa hata sisi tuna mkia: readable, inasomeka. Ila asiamini kila mwisho wa neno. "Teacher" ni mwenye kufundisha, sawa, lakini "finger" si mwenye ku-fing.

Mama wa Wawili: Asanteni sana. Nimemjaribu sasa hivi na "fearless", kajibu "asiye na woga" bila kufungua kamusi. Halafu kaniuliza: kama ni hivyo, mbona "priceless" ni kitu cha thamani kubwa na siyo cha bure? Zee la Chaki, bado upo?