Eti "umeifuta diski?" Huyu mjuaji wetu kanivua nguo hadharani

Wakuu, sijalala. Naandika mkono unatetemeka.

Simtaji, mods wasije wakanipa likizo. Mnamjua. Yule ambaye kila uzi wa Linux, huu mfumo wetu wa kompyuta, anafika kabla hujamaliza kuandika swali, utadhani analala ndani ya seva.

Siku tatu nahangaika DVD icheze. VLC, programu ya kuchezea video, inaniambia tu haiwezi kufungua dvd:///dev/sr0, yaani draivu yangu ya DVD. Diski yangu ya picha inafunguka vizuri, hii ya filamu imegoma. Nimeinstoli libdvdread, libdvdnav, libdvd-pkg, na madude mengine hata kazi yake siijui. Nikasoma hadi historia: filamu zimefungwa kwa kufuli la CSS, ufunguo wake biti 40 tu, na lilivunjwa tangu 1999! Kufuli limevunjwa zamani zote hizo, mimi tu bado nabisha hodi.

Nikayaandika yote, aya sita, na picha za terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Jamaa akajibu:

"Umeifuta diski?"

Basi. Maneno mawili. UMEIFUTA. DISKI. Umevunjika mguu, daktari anakuuliza kama umekunywa maji! Na watu wakagonga laiki. Diski yenyewe inang'aa, naweza kunyolea ndevu. Nifute nini? Nimfute yeye?

mzee_wa_terminali: Pole mkuu. Ila libdvd-pkg peke yake ni mpini bila jembe. Ndani hamna libdvdcss, ambayo ndiyo inafungua hilo kufuli, mpaka uiamuru ikaipakue na kuijenga. Uliendesha sudo dpkg-reconfigure libdvd-pkg?

MLETA UZI: Hiyo ndiyo nini?

binti_keneli: 😂😂😂 Aya sita!

pengwini_mvivu: Lakini uliifuta?

MLETA UZI: Na wewe umetumwa?

sina_makuu: Afadhali yako. Mimi nilishika regionset, programu ya kubadili kanda ya draivu (eneo la dunia ambalo filamu zake draivu inazikubali), nikawa naibadili kama stesheni za redio. Kumbe ruhusa ni mara 5 tu! Ya tano ikagandia kanda ya 2, diski zangu zote kanda ya 1. Ile draivu sasa inazuia mlango usijifunge.

kizazi_kipya: DVD bado zipo? Laptopu yangu haina hata pa kuichomeka.

binti_keneli: Shukuru. Yangu ina pa kuchomeka kila kitu, ila nikisasisha keneli, kiini cha Linux, tu, Wi-Fi inaaga.

mzee_wa_terminali: Wi-Fi ni mtoto mdogo. Ongeleeni printa.

sina_makuu: USINIKUMBUSHE PRINTA. Jana imetoa kurasa 60, kila moja ina herufi moja.

MLETA UZI: Jamani turudi kwenye mada. Mtu mzima kaniambia nifute diski!

pengwini_mvivu: Subiri kwanza mkuu. Herufi gani?