Madoa meupe kwa samaki wa maji ya chumvi, Goma

Swali: Wakubwa, klaunifishi wangu wawili (samaki wadogo wa rangi ya chungwa na mistari myeupe) wana madoa meupe kama punje za chumvi, wanajisugua kwenye mawe. Akwariumu ni lita 100, ina kamba (wale jamaa wa kaa) na matumbawe. Niweke dawa ya shaba?

Jibu: Humo hapana, ndugu! Shaba inaua kamba na matumbawe. Hamishia samaki kwenye beseni lenye maji ya chumvi tu, bila mawe wala mchanga. Mawe na mchanga hunyonya dawa. Shaba ya ioni (isiyofungwa na kemikali nyingine): miligramu 0.15–0.20 kwa lita, siku 30, pima kila siku. Akwariumu ikae wiki 11 bila samaki, maana vimelea vinavyoleta madoa haya hujificha chini, vinazaana, kisha vinarudi kuwatafuta samaki.

Jibu: Ukiona vumbi laini la rangi ya dhahabu na kuhema mbiombio, huo ni ugonjwa mwingine, velveti, unaua kwa siku chache. Goma iko nyanda za juu, oksijeni haba: umeme ukikatika, washa pampu ya hewa ya betri.