Mrejesho: Siku ya Wafu ya Wameksiko, tulienda na watoto

Habari zenu wadau. Niliuliza humu kama sherehe hii ya kuwakumbuka marehemu ingewatisha wanangu, na kama si mambo ya mizimu. Tulienda Pilsen, hapa Chicago, bustanini karibu na makumbusho ya sanaa ya Kimeksiko.

Woga ulikuwa wangu tu. Mdogo alidai achorwe fuvu usoni hata gari halijaegeshwa. Kilichonishika mimi ni meza za marehemu, ofrenda: picha, mishumaa, chumvi, glasi ya maji kwa roho iliyotoka safari, na maua ya cempasúchil, rangi ya machungwa, ambayo harufu yake inaaminika kuwaongoza wafu nyumbani. Meza moja ilikuwa na soda na pakiti ya sigara. Mama mwenye meza akacheka: “Mume wangu asipozikuta, patachimbika.” Tarehe 1 Novemba hukumbukwa watoto waliotangulia, tarehe 2 watu wazima.

Uchawi sikuuona. Mama mkwe bado kanuna, eti hitima na arobaini zinatosha.

Aliyeuliza kama mgeni anaweza kuweka picha ya marehemu wake: kulikuwa na meza ya wote, tukaweka picha ya babu. Mkate wa pan de muerto nunueni mapema, unaisha. Na makoti mazito, tafadhali, baridi ya huku haina adabu.