Nililipia ramani, nimeletewa picha ya kutundika ukutani

Wadau, acheni nitoe hasira hapa kabla sijamtusi mtu kwa simu.

Wiki jana nilimpa jamaa mmoja wa mjini kazi ndogo: karatasi moja ya ramani ya 1:50,000, ile 148/4 ya Nairobi. Aiskani, aifunge kwenye kodineti zake (namba za mahali ilipo duniani), akate pambizo, anirudishie GeoTIFF, yaani picha inayobeba kodineti hizo ndani yake. Tulikubaliana 4,500, nusu nikatuma papo hapo. Jumatatu naletewa JPEG kwa WhatsApp, na kifaili cha jgw kando yake, kile cha maandishi kinachosema picha ikae wapi duniani. Haya, nikameza mate.

Naifungua kwenye QGIS, programu ya ramani, juu ya picha ya setilaiti, stesheni ya reli ya Nairobi iko upande wa Museum Hill, mbali na mahali pake. Jameni, stesheni!

Kumbe bwana mkubwa aliifunga ramani ikiwa nzima, halafu akaenda kukata pambizo kwa programu ya kuhariri picha, zile za kutengenezea kadi za harusi. Sasa jgw inahesabu kuanzia pikseli ya kona ya juu kushoto. Ukishakata sentimita 4 juu na 4 kushoto, kona ni nyingine, lakini jgw bado inaongea habari za ile ya zamani. Sentimita 4 kwa skeli hiyo ni kilomita 2. Nikamwomba skani nzima, akasema alishaifuta kwa sababu simu ilijaa. Simu!

Nikakaa usiku nikarekebisha mwenyewe mistari miwili ya mwisho ya ile jgw, inayotaja kodineti za kona. Stesheni ikarudi karibu na kwao, ila bado imesogea kama mita 300 kaskazini na 90 hivi magharibi. Aliyewahi kushika ramani zetu za zamani ameshacheka: hiyo ni Arc 1960, datumu (msingi wa kupimia kodineti) ya ramani hizo, iliyosomwa kama WGS84, ile ya GPS. Alibonyeza 32737, namba ya WGS84, pahali pa 21037 ya Arc 1960. Na maandishi ya kumwambia ni datumu gani yalikuwa wapi? Kwenye pambizo alizokata.

Nampigia, ananijibu kwa utulivu kabisa, "Lakini bosi, RMS ilikuwa sufuri." RMS ni kipimo cha makosa ya pointi za kufungia ramani.

Pointi ngapi? Tatu.

Polinomia ya kwanza, hesabu rahisi ya kugeuza pikseli kuwa kodineti, kwa pointi tatu ni lazima itoe sufuri, hata uzibandike ukiwa umefumba macho, maana hakuna ya nne ya kuzisuta. Mimi nikiona sufuri ndiyo naanza kuogopa. Karatasi ina gridi nzima, misalaba imejaa kila mahali, kona nne zimeandikwa digrii na dakika, na wewe unaweka tatu?

Na kukata kwenyewe si kazi. Unachora poligoni kwenye ukingo wa ndani, unaipa programu ya gdalwarp kama cutline (mstari wa kukatia), unaongeza crop_to_cutline, faili inatoka ikijua iko wapi duniani. Dakika mbili, kama stima haijapotea.

Mteja wangu ana watu wa kuchimba kisima Embakasi, anataka ramani kesho asubuhi. Mita 300 kwenye kisima ni shamba la mtu mwingine. Kuna mwenye skani safi ya 148/4, pambizo zote zikiwemo? Nalipa leo.

Jamaa naye amenitumia meseji saa hii: "Bosi, lile salio vipi?"