Mwanafunzi wa Chuo cha Mafunzo na kura: sheria zetu mbili zinasemaje?

Mwana_Gando aliuliza:

Assalam alaykum waungwana. Kuna darasa la elimu ya mpiga kura linatayarishwa kwa shehia za upande wa Wete, Pemba, na suala moja kila likiulizwa majibu hayafanani. Mtu aliyehukumiwa na mahakama anapoteza kura au hapotezi? Wengine wanasema ukishafungwa tu umekwisha, hata ukitoka. Wengine wanasema tangu 2024 hata waliomo ndani wanaandikishwa. Nataka kujua mambo manne: aliye rumande, anayetumikia kifungo (yaani mwanafunzi wa Chuo cha Mafunzo, kama gereza linavyoitwa kwetu Zanzibar), aliyekwisha kutoka, na tafauti ya daftari la ZEC (Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar) na la INEC (Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi) kwa watu hawa. Na kama mna rai kuhusu haki yenyewe, itoeni pia, lakini sheria kwanza.

Barza_ya_Sheria alijibu:

Waalaykum salaam. Majibu hayafanani kwa sababu watu wanachanganya sheria ya Bunge la Muungano na sheria ya Baraza la Wawakilishi la Zanzibar. Zitenge hizo mbili mwanzo wa darasa, nusu ya ubishi utakwisha.

Upande wa Muungano, Ibara ya 5 ya Katiba ya 1977 inampa kura kila raia aliyetimiza miaka 18. Halafu inaruhusu Bunge limzuie mtu kwa sababu chache zilizohesabiwa: uraia wa nchi nyengine, ugonjwa wa akili, kutiwa hatiani kwa makosa fulani ya jinai, na kushindwa kuthibitisha umri, uraia au uandikishwaji. Nje ya hizo hakuna sababu ya kumnyima mtu. Tia mstari chini ya neno "fulani", maana kesi nzima imesimama juu yake. Sheria ya zamani ya uchaguzi, kifungu cha 11(1)(c), haikutaja kosa lolote. Ilisema tu aliye chini ya hukumu ya kifo, au kifungo kinachozidi miezi 6, asiandikishwe. Kwa hiyo aliyeiba mbuzi na aliyeiba kura walipimwa kwa kalenda moja.

Disemba 2022 Mahakama Kuu Dar es Salaam, katika shauri la Tito Magoti na mwenzake dhidi ya Mwanasheria Mkuu, ikasema kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Katiba inataka makosa yatajwe. Bunge likiweka muda wa kifungo mahali pa jina la kosa, limefanya jambo ambalo halikuruhusiwa. Sheria mpya ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Namba 1, ikapitishwa 2024, na katika kuboresha daftari mwaka huo INEC ikatangaza vituo 130 ndani ya magereza ya Bara na 10 ndani ya Vyuo vya Mafunzo Zanzibar. Walioingizwa ni mahabusu na wale waliohukumiwa chini ya miezi 6. Kwa hiyo hao wanaosema "sasa wote wanapiga" wamepokea nusu ya habari. Mwenye kifungo cha miaka 3 hakuguswa na mlango huo.

Sasa la kwetu. Uchaguzi wa Rais wa Zanzibar, Wawakilishi na Madiwani wa huku si jambo la Muungano. Unaendeshwa na ZEC kwa Sheria ya Uchaguzi ya Zanzibar Namba 4 ya 2018, na haki yenyewe imo katika Ibara ya 7 ya Katiba ya Zanzibar ya 1984. Hukumu ile ya 2022 ilifuta kifungu cha sheria ya Bunge. Haikugusa sheria ya Baraza la Wawakilishi. Mtu asiwaambie watu wa Wete kwamba Dar es Salaam imeshamaliza kazi.

Kibwana_Mkoani alijibu:

Nakubaliana na hayo ya sheria, lakini rai yangu ni kinyume na mwelekeo huo. Adhabu ina maana gani kama mtu anavunja sheria halafu anashiriki kumchagua anayetunga sheria? Kifungo kinaondoa uhuru wa kutembea, wa kufanya biashara, wa kulala na familia. Kura nayo iondoke kwa muda huohuo, akitoka airudie.

Na kuna hesabu ambayo watu wa Bara hawaioni kwa sababu majimbo yao ni makubwa. Sisi tuna majimbo 50 tu, 32 Unguja na 18 Pemba. Mwaka 1995 urais wa Zanzibar uliamuliwa kwa kura 1,565 visiwa vizima: Salmin Amour 165,271, Seif Sharif Hamad 163,706. Katika jimbo dogo mwakilishi anaweza kupita kwa kura za kuhesabu vidoleni. Weka chuo kimoja chenye watu mia kadhaa ndani ya jimbo kama hilo, uwaandikishe hapo hapo, umewapa watu ambao hawaishi mtaani uwezo wa kumchagulia mtu wa mtaa mwakilishi wake. Hao walio ndani wanalala chini ya ufunguo wa askari wa Serikali. Siri ya kura iko wapi?

Bi_Karafuu alijibu:

Kibwana, hilo la jimbo ni la haki kabisa, ila dawa yake si kuwanyima. Dawa ni kumwandikisha mtu alikotoka. Kenya walilikwepa kwa njia nyengine: wafungwa walipoanza kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa 2017, walipewa karatasi ya urais peke yake. Karatasi moja, nchi nzima jimbo moja, na chuo hakimpindulii mtu yeyote ubunge. Na Katiba yao ya 2010, Ibara ya 83, imefanya kile ambacho mahakama yetu ilikitaka: anayezuiwa ni aliyetiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi ndani ya miaka 5 iliyopita. Kosa limetajwa, na muda umetajwa. Mwizi wa kuku anapiga, aliyenunua shahada za watu za kupigia kura hapigi.

Mimi hapo ndipo ninaposimama. Aliyeharibu sanduku asilisogelee sanduku kwa muda. Wengine wote waachwe wapige. Afrika Kusini wanapiga wote tangu 1999, na Serikali ilipojaribu kuwazuia waliofungwa bila ya hiari ya faini, Mahakama ya Katiba ikakifuta kizuizi hicho 2004. Hoja ya Serikali ilikuwa gharama na sura ya kuonekana wakali kwa wahalifu, na mahakama haikuziona hizo kuwa sababu.

Na hesabu ya 1,565 inakata huku na huku. Kura chache zikiamua, basi na aliyezuiwa kimakosa anaamua.

Sasa turudi Pemba, maana kwetu kinachomfungia mtu nje ya sanduku mara nyingi ni ukaazi kuliko hukumu. Sheria yetu inataka mtu awe mkaazi wa jimbo kwa miezi 36 mfululizo. Mtu wa Micheweni amehukumiwa miezi 5 na amepelekwa chuo cha Unguja. Hawezi kuwa mkaazi wa jimbo la huko kwa kukaa miezi 5 ndani ya ukuta. Micheweni nako sheha, mkuu wa shehia, akiulizwa atasema "huyu hayupo". Wanaohamishwa kikazi na wanaosoma nje wamewekewa nafuu ili wasipoteze ukaazi wa kwao. Kipimo hicho hicho, kwamba hakuondoka kwa kupenda na kwao ni pale pale, kingefaa kwa aliye ndani. Hii ni rekebisho la mistari miwili, halihitaji katiba mpya.

Kuhusu daftari mbili, mwambie mwalimu wa darasa aeleze hivi. Zanzibar, hata kwa kura ya Rais wa Muungano, daftari linalotumika ni la ZEC. INEC inawaandikisha wale waliopo Zanzibar ambao hawana sifa za ZEC, kama mtu wa Tanga aliyekuja Unguja mwaka jana kwa kazi ya hoteli. Aliye kwenye daftari la ZEC anapewa karatasi 5: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi, Diwani, Rais wa Muungano, Mbunge. Aliye kwa INEC tu anapewa za Muungano. Kwa hiyo mtu wa Bara aliye ndani ya chuo chetu kwa miezi 4 njia yake ni INEC. Mzanzibari aliye pembeni yake, godoro kwa godoro, lazima kwanza aulizwe kama jina lake limo kwa ZEC.

Dau_la_Nungwi alijibu:

Niongeze upande wa kazi yenyewe, maana sheria ikifunguka mambo yanakwama kwenye vitu vidogo.

Kadi. Mtu akiingizwa chuoni vitu vyake vinaandikwa na kuwekwa. Mara nyingi kadi ya kupigia kura haimo, imebaki nyumbani ndani ya sanduku la nguo la mama yake pamoja na Zan ID, kitambulisho cha mkaazi wa Zanzibar. Jamaa waambiwe mapema wailete siku ya kutembelea, ikabidhiwe ofisini kwa kuandikwa, asipewe mtu mkononi njiani. Aliye rumande hasa ndiye anayedhulumika hapa: hajahukumiwa, na Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Muungano inamhesabu hana hatia, jina lake limo daftarini, lakini kituo chake kipo Konde naye yupo nyuma ya mlango. Hakuna sheria iliyomnyima. Amenyimwa na gari.

Siri. Kituo cha chuoni chenye wapiga kura 9 hakina siri hata ukiweka kituturi cha chuma. Kura zikihesabiwa pale pale na 9 zote zikaenda upande mmoja, au 8 kwa 1, kila mtu anajua. Sanduku lilakiriwe mbele ya mawakala, lisafirishwe na likachanganywe na la kituo kikubwa kabla ya kuhesabiwa, na fomu ya matokeo isitaje chuo. Ndani ya chumba cha kupigia asikae afande wa chuo. Wakae wasimamizi wa Tume na mawakala, ulinzi wabaki mlangoni.

Siku. Tunayo tayari kura ya mapema kwa sheria ya 2018, siku moja kabla, kwa wanavikosi na wasimamizi watakaokuwa kazini. Ilitumika Oktoba 27, 2020. Maafande wa Chuo cha Mafunzo nao ni kikosi, kwa hiyo anayeshika ufunguo ana siku yake maalumu na anayefungiwa hana hata ile ya kawaida. Kura ya waliomo ndani ikiwekwa siku hiyo itakuja na taabu yake: masanduku yanalala usiku mmoja, na vyama vya upinzani vilishalalamikia kura ya mapema kwa sababu hiyo hiyo. Bora siku moja na wengine wote, tangu asubuhi, kabla ya saa za kutembelewa.

Mwana_Gando aliuliza tena:

Ahsanteni sana. Bado aliyekwisha kutoka. Na huyu anayetolewa kwa msamaha wa Rais siku ya Mapinduzi, Januari 12, amesamehewa na kura pia?

Barza_ya_Sheria alijibu:

Kizuizi cha Muungano, hata kile cha zamani kilichofutwa, kilimhusu aliye "chini ya hukumu". Kifungo kikimalizika, kwa kutumikia au kwa msamaha, hayupo chini ya hukumu tena. Kwa hiyo kwa kizuizi hicho aliyetoka anapiga. Anayesema "umekwisha maisha" ameyatoa Marekani, ambako sheria ni za kila jimbo. Maine na Vermont wanapiga hata waliomo ndani, na Florida wapiga kura waliwarudishia haki waliomaliza adhabu kwa kura ya maoni ya 2018, isipokuwa wauaji na waliohukumiwa kwa makosa ya kujamiiana. Mwaka uliofuata Bunge la jimbo hilo likaongeza sharti la kulipa faini na gharama zote za mahakama. Tatizo likawa hapana ofisi moja inayoweza kumwambia mtu anadaiwa kiasi gani. Haki imo kwenye karatasi, deni halijulikani.

Kinachowachanganya watu hapa kwetu ni kugombea. Ibara ya 67 ya Katiba ya Muungano inamzuia kugombea ubunge aliyetiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo kwa kosa la utovu wa uaminifu ndani ya miaka 5 kabla ya uchaguzi mkuu. Hiyo ni ya mgombea. Mpiga kura asitishwe nayo.

Bi_Karafuu alijibu:

Kwa aliyetoka, mpeni utaratibu. Aitunze karatasi ya kuachiwa, asiitupe kwa aibu. Aangalie Zan ID kama muda wake haujapita, na kama umepita aende ofisi ya wilaya ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii mwanzo kabisa, kabla ya ZEC, maana bila kitambulisho haandikishwi. Kisha kwa sheha, ajitambulishe kwamba amerudi. Hapo ndipo penye kokoto. Sheha akiandika kwamba "hakuwepo miezi 36" mtu anarudishwa, na karatasi ya kuachiwa ndiyo inayoonesha alikuwa wapi na kwa nini.

Halafu orodha ikibandikwa kituoni aende aisome kwa jicho lake. Herufi moja ikikosewa, Khamis akawa Hamisi, au jina la babu likarukwa, siku ya uchaguzi ataambiwa hayumo. Kipindi cha kubandikwa ndicho cha kusahihisha na cha pingamizi. Akiwekewa pingamizi asiseme "Mungu atanilipia" akakaa nyumbani. Ahudhurie na karatasi yake, kwa sababu pingamizi lisilojibiwa jina linaondoka.

Kibwana_Mkoani alijibu:

Sijabadilisha rai kuhusu wenye vifungo virefu. Lakini la rumande nimelikubali, na hilo la kumwandikisha mtu alikotoka linaondoa sehemu kubwa ya hofu yangu. Mwana_Gando, kwenye darasa usiwaambie watu "miezi 6" bila kufafanua, maana hapa tayari kuna vipimo viwili. Kifungu kile cha zamani kilisema "kinachozidi miezi 6", na kwa maneno hayo aliyepewa 6 kamili hazuiwi. Tangazo la 2024 linasema "chini ya miezi 6", na kwa hilo 6 kamili hayumo. Barza, huyu wa 6 kamili karani amwandike au asimwandike?